Muhuri uliokwenda Nzuguni: kisa cha wajumbe wanne wa AMCOS

Agosti 2024, AMCOS (chama cha ushirika cha msingi cha wakulima) moja ya upande wa Mvumi, wilayani Chamwino, ilituma wajumbe wanne kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya kitaifa, viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Walirudi na fulana, kofia, mfuko wa vipeperushi na karatasi moja yenye muhuri wa chama. Wanachama waligombana wiki tatu kuhusu posho na fulana kabla mtu yeyote hajaisoma ile karatasi.

Mimi nafundisha utunzaji wa vitabu kwa vikundi na vyama vya wakulima mkoani hapa, na niliitwa kupitia hesabu za safari hiyo baada ya mambo kuchacha. Jina la chama, la kijiji na la kampuni inayohusika nimeyaacha, na alama nyingine ndogondogo nimezibadili, maana wahusika wote bado wanakutana kisimani na msibani. Kisa nakieleza kwa urefu kwa sababu kila ikifika Agosti vyama vingi hutuma watu Nane Nane kwa mtindo uleule uliowaponza hawa.

Walivyotumwa

Chama kina wanachama wapatao 150. Wanalima mtama, alizeti na karanga, na kaya nyingi zina ng'ombe au mbuzi. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili ikijaliwa, na katikati, aghalabu Februari, jua hukaza hadi watu wakaanza kuhesabu debe zilizobaki ghalani. Mapato ya chama ni ushuru mdogo unaokatwa kwa kila kilo inayouzwa kupitia ghala lao. Hela ya namna hiyo haisahauliki. Kila mwanachama anajua gunia lake lilichangia ngapi.

Bodi ilikaa Julai. Muhtasari wa kikao nimeusoma: suala la Nane Nane ni ajenda ya tano, mistari minne tu. Watakwenda mwenyekiti, mjumbe mmoja wa bodi, kijana mmoja anayejua mambo ya simu, na mama anayesimamia shamba darasa la karanga, yaani shamba la wanachama kujifunzia. Posho ni shilingi 25,000 kwa mtu kwa siku, siku nne, jumla 400,000. Malazi ya usiku tatu ni 240,000. Nauli ni 40,000. Kwa hiyo safari nzima ni shilingi 680,000. Lengo la safari limeandikwa "kujifunza kilimo cha kisasa", basi. Mstari unaofuata ni wa kufunga kikao kwa sala.

Ukiuliza kwa nini hao wanne, utaambiwa mwenyekiti ni mwenyekiti, na yule wa bodi mwaka uliopita hakwenda, sasa ni zamu yake. Zamu mimi siipingi. Wajumbe wa bodi hawalipwi mshahara, wanaamshwa usiku mzigo ukifika ghalani, na safari ya mjini yenye posho ni shukrani ya aina yake. Tatizo lilikuwa kwamba kikao kilishughulika na nani aende na alale wapi, halafu kikafungwa. Kitu cha kwenda kuuliza hakikujadiliwa, wala mipaka ya wanachoweza kukubali kwa niaba ya wenzao.

Asubuhi ya safari mwenyekiti alipita ofisini kuchukua barua ya utambulisho. Akamwambia katibu meneja ampe na muhuri, pengine kule kuna fomu za mahudhurio zinazotaka kugongwa. Katibu meneja ni kijana kiumri kwa mzee yule. Alimjibu, "Sawa, mzee wangu," akautia kwenye bahasha pamoja na kidau cha wino. Hakuandika popote kwamba muhuri umetoka.

Nzuguni

Kwa asiyepafahamu, viwanja vya Nzuguni viko mashariki mwa jiji, upande uleule wenye stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, kwa hiyo mtu wa Chamwino hapati shida kufika. Ndani kuna mabanda ya wizara, halmashauri, taasisi za utafiti, benki, kampuni za mbegu na viuatilifu na matrekta, kuna mifugo, na kuna vipando: vishamba vya mfano vinavyomwagiliwa na kupaliliwa kwa miezi ili vipendeze wiki hiyo moja.

Wajumbe wetu walikwenda tarehe 5 hadi 8. Walitaka kuona kilele, na ni haki yao, ila kwa mtu anayetafuta majibu hizo ndizo siku mbovu kuliko zote. Tarehe 2 asubuhi mtafiti atakutembeza kwenye kipando chake mstari kwa mstari, akueleze hata alipokosea. Tarehe 7 anapanga viti, anasubiri mgeni rasmi, watu wamejaa hadi hapumui, na jibu utakalopata ni kipeperushi.

Tarehe 6 walisimama kwenye banda la kampuni moja ya mbegu. Nyuma ya banda kulikuwa na kipando cha alizeti chotara: kimo kimoja, vichwa vipana kama sinia, vyote vimeinamia upande mmoja. Kijijini kwao wanapanda Record, mbegu ya zamani inayojulikana na kila mtu, na wengi hupanda walizojiwekea kutoka mavuno yao. Record ina sifa ya kuvumilia na ya kurudiwa msimu hadi msimu, lakini shamba lake hutoka vichwa vya kila ukubwa. Kumbuka pia kwamba mwaka 2023 bei ya alizeti ilikuwa imeporomoka na watu wengi wa Dodoma na Singida waliumia. Hesabu ya mwenyekiti ilikuwa hii: bei ikiwa ndogo, basi gunia ziongezeke. Ni hesabu ya mkulima, na sioni wa kumcheka.

Muuzaji akampa maelezo. Chama kitapata mbegu kwa mkopo. Wanachama watalipa kwa mazao, na kampuni itanunua alizeti yao yote. Kinachotakiwa ni fomu na kishika uchumba kidogo, yaani malipo ya awali ya kushikia nafasi. Nafasi za vikundi zinakaribia kujaa.

Yule mama wa karanga alimwambia, "Mwenyekiti, turudi kwanza nyumbani tukawaeleze wenzetu."

"Mama, hawa watu kesho kutwa hawapo."

Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana. Mwenyekiti alijaza kilo 600, yaani kilo mbili kwa ekari, ekari mbili kwa kila mwanachama. Akasaini. Akatoa bahasha, akagonga muhuri. Kishika uchumba kilikuwa shilingi 200,000, akalipa kutoka fungu la malazi, kwa kuwa hawakulala gesti. Walilala kwa shangazi wa yule kijana, hukohuko Nzuguni, na 40,000 iliyosalia wakamwachia ya sukari na mafuta, kama ustaarabu unavyotaka. Risiti aliyopewa ni ya mkono, siyo ya EFD, ile mashine ya risiti inayotambuliwa na mamlaka ya kodi.

Kuku na fulana

Kijana alikuwa akirusha picha kwenye kundi la WhatsApp la chama. Moja ilikuwa ya kipando, tatu za trekta, na moja ya wajumbe wote wanne wamevaa fulana mpya, mezani chipsi kuku na soda. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyosambaa. Kabla hawajarudi, kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua malazi yamekwenda wapi.

Walipowasilisha taarifa, mwenyekiti alizungumza kwa dakika arobaini bila karatasi. Alisema wamejifunza mengi. Alipofika kwenye mbegu za mkopo watu walipiga makofi, jambo ambalo baadaye hakuna aliyetaka kulikumbuka. Kisha mwanachama mmoja akaomba risiti za gesti. Hazikuwapo. Mwenyekiti akaeleza kishika uchumba, akatoa ile risiti ya mkono, na hapo mkutano ukapasuka. Mmoja akauliza, "Mzee, tulikutuma kwenye maonesho au mnadani?" Mwingine akataka fulana zigawanywe, maana zimepatikana kwa jina la chama. Nazikumbuka hoja za fulana kwa sababu zimechukua kurasa mbili za muhtasari.

Nilipoitwa, nilipewa kazi ya kujibu swali moja: zile 240,000 zimeliwa? Hazikuliwa. Ukiweka risiti ya kampuni na maelezo ya shangazi, hesabu inafunga. Zilitumika nje ya fungu lake bila idhini, na hilo ni kosa la kuandikwa kwenye hoja za ukaguzi, lakini wizi haukuwapo. Kuku walinunua kwa posho zao.

Ndipo nikaomba niione karatasi iliyolipiwa.

Ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Mbele kuna jina la kikundi, wilaya, aina ya mbegu, kilo, mstari wa sahihi ya mwenyekiti, mstari wa sahihi ya katibu, na kiboksi cha muhuri. Mstari wa katibu haukujazwa. Muhuri wa zambarau umegongwa juu yake, kama kuuziba. Nyuma kuna vipengele tisa kwa herufi ndogo, na hakuna hata mmoja kati ya wanne aliyeigeuza karatasi pale bandani. Kampuni itanunua kwa "bei ya soko ya siku ya ununuzi". Gharama ya mbegu itakatwa kwenye malipo ya kwanza. Mazao yote ya eneo lililopandwa mbegu hiyo yauzwe kwa kampuni. Yasipofikishwa ndani ya siku 60 baada ya mavuno, deni lote litadaiwa kwa fedha taslimu. Kuhusu mvua kukatika Februari, hakuna neno.

Niliwasomea kwa sauti, kipengele kwa kipengele. Nilipofika kwenye "mazao yote", bibi mmoja aliyekaa chini karibu na mlango wa ghala, ambaye siku zote za ugomvi wa fulana hakuwa amesema kitu, akanyoosha mkono.

"Na mashudu?"

Kimya kikatanda. Pale kijijini alizeti hukamuliwa kwenye mashine ya jirani. Mafuta yanauzwa kidogokidogo mwaka mzima, na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, yanarudi nyumbani kulisha mifugo kiangazi. Ukiuza mbegu nzima kwa kampuni, umeuza na chakula cha ng'ombe. Bibi akaongeza, "Ng'ombe wangu watakula fulana?" Kwa maoni yangu ndilo swali zito kuliko yote yaliyoulizwa katika sakata zima, na lingeulizwa Julai, ajenda ya tano, lisingegharimu hata nauli.

Uzito wa karatasi

Kwa upande wa sheria, karatasi ile ilikuwa na miguu dhaifu. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho ndani ya chama, na chama hakikopi kinavyotaka: mkutano mkuu huweka ukomo wa madeni na Mrajis wa Vyama vya Ushirika huuidhinisha. Ukomo wa chama hiki kwa mwaka ule ulikuwa shilingi milioni 5. Mbegu alizoagiza mwenyekiti, kwa bei iliyoandikwa kwenye fomu, zilizidi milioni 15. Mbegu za mkopo ni deni kama deni lingine, hata kama zinakuja kwenye mifuko mizuri yenye picha ya ua. Tena masharti yao wenyewe yanataka sahihi mbili kwenye jambo lolote linalokifunga chama.

Lakini jiweke kwenye nafasi ya muuzaji. Mbele yake amesimama mzee aliyejitambulisha kuwa mwenyekiti, ana barua yenye nembo, ana mjumbe wa bodi pembeni yake, na ana muhuri mkononi. Kwa mazoea yetu muhuri ukishagongwa maswali yamekwisha. Mwenyekiti hakuwa na mamlaka ya kukopa milioni 15, ila aliazimwa mwonekano wa mamlaka hayo na ofisi yake mwenyewe, ndani ya bahasha, pamoja na wino. Ndiyo maana lawama yote kumtupia yeye naona siyo sawa. Katibu meneja alitoa muhuri bila kuandika. Bodi ilituma watu bila kuwapa mipaka. Wanachama walipiga makofi.

Hasara nyingine haina risiti. Yule mama wa karanga alikuwa ameacha wenzake kwenye matrekta, akaenda banda la utafiti kuuliza kuhusu sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga. Watu wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa neno hilo: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, wilaya kama Chemba, Kondoa na Kiteto, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo zimo hatarini. Alirudi na maelekezo ya maana. Karanga zianikwe juu ya turubai au kichanja, zisigusane na udongo. Punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe kabla ya kuhifadhi. Zisilowekwe ili kurahisisha kubangua, jambo linalofanyika karibu kila nyumba. Aliyaandika yote kwenye daftari la mwanawe la shule. Kwenye mkutano alipewa dakika tano mwishoni, watu wameshasimama wanazozana. Muhtasari unasema: "Mjumbe wa nne naye alitoa salamu."

Mkutano mkuu maalum

Uliitishwa Septemba, afisa ushirika wa wilaya akiwapo. Mzee mmoja wa upande wa mwenyekiti alifungua kwa kusema mjumbe hauawi. Akajibiwa kutoka nyuma, "Hauawi, babu, ila huulizwa ametumwa nini." Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile kilisaidia kuliko hotuba yangu.

Walikubaliana kuiandikia kampuni barua ya kujitoa, wakitaja ukomo wa madeni na sahihi iliyokosekana. Kampuni haikuleta ubishi. Ilijibu kwamba maombi yalikuwa hayajaidhinishwa makao makuu. Fedha taslimu haikurudisha, ila ilitoa mbegu za thamani ya kishika uchumba, zikatosha ekari tatu. Zikapandwa kwenye shamba darasa, Record ikiwekwa pembeni yake ili kila mtu ajionee. Mwenyekiti alipewa onyo la maandishi akabaki kwenye kiti. Baadhi walitaka arudishe zile 200,000 kutoka mfukoni. Nilishauri wasimdai, kwa kuwa fedha ilionekana na kitu kilipatikana. Hilo lilipita kwa tofauti ndogo.

Kisha wakaandika utaratibu. Muhuri hautoki ofisini kwa sababu yoyote. Wanaokwenda Nane Nane ni wawili, siku tatu za mwanzo. Wanapewa barua ya utume yenye maswali yaliyopitishwa na wanachama, na wanarudi na majibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Kwa mwaka 2025, maonesho ya kitaifa yakiwa Nzuguni tena, maswali yalikuwa matatu: mbegu bora ya mtama wa muda mfupi itapatikana vipi kutoka kituo cha utafiti cha Hombolo kabla ya Novemba, karanga zinapimwa sumukuvu wapi na kwa bei gani, na mashine ya kukamua alizeti ya chama chenyewe inaanzia shilingi ngapi pamoja na umeme wake. Swali la tatu ni la yule bibi wa mashudu. Majibu ya mawili ya kwanza yalipatikana siku ya kwanza, na la tatu lilirudi na ankara za kifani (proforma) kutoka kwa wauzaji watatu.

Kuna azimio moja nililolipinga: mjumbe asisaini wala kulipia chochote kwenye maonesho, hata shilingi mia. Naliona limepitiliza. Mwaka huohuo wa 2025 mama wa karanga, aliyetumwa tena, alikuta turubai za kuanikia zikiuzwa kwa bei ya maonesho, na fedha ya turubai ilikuwa kwenye bajeti ya shamba darasa. Alipiga simu ofisini akaambiwa azimio ni azimio. Bodi ilipokuja kukaa, turubai zilezile zilinunuliwa mjini kwa bei ya juu. Nilipeleka hoja kwamba mjumbe aruhusiwe kununua kitu kilichomo kwenye bajeti, kwa kiwango kitakachowekwa, kwa risiti ya EFD. Hoja ilishindwa. Mama wa karanga mwenyewe alipiga kura ya kulibakiza azimio, na nilipomuuliza nje alinijibu kwamba turubai wangenunua tu, mwaka huu au ujao, lakini wiki tatu za kuzozania kuku hataki kuziona tena.